Aliyefutia Brashi Kwenye Miti

Mchoraji hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukimtaja hapa Masumbwe watu wanashusha sauti kama wanamzungumzia marehemu, na mwenyewe yu hai, anakohoa upande wa pili wa ukuta wangu. Alikuwa mbishi, mchoyo wa karanga, na alikuwa na tabia ya kukujibu jambo ambalo hukumwuliza. Tumekaa jirani miaka mingi, mimi na cherehani yangu chumba cha kushoto, yeye na makopo yake chumba cha kulia, baraza ni moja. Alikotoka sijui. Siku moja alisema Shinyanga, siku nyingine akasema mbele kidogo ya Shinyanga, nikaona isiwe taabu.

Kazi iliyomlisha ilikuwa mabango. Mwenye bucha alitaka achorewe ng'ombe, na Mchoraji akamchorea ng'ombe kweli, mnono, ila akamweka chini ya mgunga uliotanda bango zima, hata ng'ombe mwenyewe unamwona ukishaambiwa yupo.

"Mzee, mimi nauza nyama au nauza miti?" mwenye bucha akamwuliza.

"Tazama kwanza," Mchoraji akasema. "Huyu ng'ombe amekula nini mpaka akanenepa?"

Mwenye bucha alitikisa kichwa, akalitundika hivyo hivyo. Lipo hadi leo, limepauka.

"Tazama kwanza" ilikuwa kauli yake ya asubuhi na ya jioni. Ukimwuliza bei, tazama kwanza. Ukimwambia mvua inakuja aingize makopo ndani, tazama kwanza, mpaka makopo yanalowa. Kuna siku nilimwambia ugali wake unaungua jikoni, naye bado ameduwaa anaangalia chozi, kandege kale kadogo kanakonyonya maua, kametua kwenye kamba yangu ya nguo. Alikula ugali ulioungua hivyo hivyo.

Sura za watu hakuchora. Mama wa saluni alitaka picha ya mwanamke aliyesuka, akapewa mwanamke anayeonekana kisogo, na nywele zimeshuka mpaka ardhini zikaingia kwenye udongo kama mizizi. Mama wa saluni alinuna wiki nzima. Nilimwuliza Mchoraji kwa nini hachori nyuso, akaniambia nyuso zina watu wengi wa kuzitazama, hazihitaji msaada wake. Huo ndio ulikuwa uchoraji wake wote, ukiniuliza mimi. Alikuwa anachora vitu alivyoona havina mtu wa kuvitazama.

Rangi alizitoa Kahama. Kuna familia moja ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi, wapo pale tangu enzi za babu yao, na tajiri mwenye duka alikuwa akimwekea makopo yaliyobonyea ambayo wateja huyakataa. Siku moja akamwomba amchoree ukuta wa mbele: mabomba, koki, matangi. Mchoraji akachora chemchemi, ina mafunjo na korongo wawili wanakunywa maji. Tajiri alitoka nje na chai yake mkononi, akauliza bomba liko wapi. Mchoraji akasema bomba halitoi maji, yanakotoka ndiko huko alikochora. Ingekuwa ugomvi, lakini mama mzazi wa tajiri, bibi mzee sana, alisukuma pazia akatoka, akasimama mbele ya ukuta ule, kisha akasema uachwe. Basi ukaachwa. Watu wa mabasi wakifika Kahama wanaelekezana, shuka pale penye korongo.

Ziwani nako alifika. Alikaa Nkome msimu mmoja akiandika majina ya mitumbwi, na kwa kuwa hakuweza kufanya kazi ya mtu bila kutia yake, akawachorea wavuvi sangara ndani ya mtumbwi, ubavuni, wa kimo kile ambacho akipungua hapo inabidi arudishwe majini akakue. Ukivua, unamlaza samaki juu ya picha. Wavuvi walipenda sana. Waliitana kuja kuona, wakabishana nani mtumbwi wake una sangara mzuri zaidi. Aliporudi huko baadaye akakuta mtumbwi mmoja picha imepakwa upya na mtu mwingine, mkia umesogezwa ndani, sangara amekuwa mfupi, hata wadogo wapite. Alinisimulia habari hii akicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha, nikaendelea kukata kitambaa. Leo nadhani alikuwa ameonyeshwa jambo na hakulitazama, yeye na tazama kwanza yake yote.

Nisimpambe. Alipika kwa mkaa kama sisi sote, na nyama choma aliipenda kuliko kitu chochote. Alichora bango kubwa la kuwaonya wachimbaji juu ya zebaki, pale mwaloni wanapooshea dhahabu, nyangenyange mweupe amesimama kwenye maji na tumbo lake linang'aa kama sufuria mpya, na bado yeye mwenyewe alikuwa akimwaga mafuta ya kuoshea brashi nyuma ya nyumba, kwenye shina la mpapai wangu. Mpapai ukafa. Nilimwita nikamwonyesha.

"Huu umekufa kwa nini?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa umeshangaa kweli.

"Tazama kwanza," nikamwambia.

Alitazama muda mrefu. Hakuniomba radhi, lakini tangu siku hiyo alitembea na kopo la mafuta machafu mpaka mbali huko jalalani, na kila akipita mbele yangu analiinua kidogo nione. Mchimbaji mmoja alimwambia lile bango la zebaki linapendeza sana, limeuchangamsha mwalo. Walikuwa wakipiga picha mbele yake, mikono ikiwa bado kwenye karai.

Sasa niseme kuhusu ngitili, maana bila ngitili humjui Mchoraji.

Kwa asiye wa huku, ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo wazee wanalifunga masika yote, ng'ombe haingii, panga haliingii, mpaka kiangazi kikibana ndipo linafunguliwa mifugo ipate malisho. Yetu iko nje ya mji, ukivuka korongo la mchanga. Wengine wamezigeuza mashamba, na wengine wamekuta dhahabu chini yake na habari ikaisha. Hii ilibaki. Kila alipomaliza mabango ya watu, Mchoraji alifunga ubao wake mgongoni kwa kamba ya katani akaenda huko. Alichora mti mmoja mmoja. Alikuwa akimaliza mti, ananiletea ubao niuone, na mimi nasema mzuri, kwa sababu ilikuwa mizuri. Mti mmoja, mtundu ule mkubwa wa karibu na lango, aliuchora mara nyingi, kila majira na rangi yake, na majani yake machanga mekundu ya kabla ya mvua yalimsumbua hakuna mfano. Aliwapa shule mbao nyingine, akaning'iniza nyingine kwenye kuta za maduka, na chini ya kila picha akaandika jina la mti kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alisema mtu haoni haya kukata kitu asichokijua jina. Alitaka ngitili ile ibaki. Sikumbuki akitaka kitu kingine.

Na alikuwa na tabia moja. Akimaliza kuchora mti, rangi iliyobaki kwenye brashi aliifutia kwenye gome la mti ule ule. Mfuto mmoja, kimo cha kifua. Njano, bluu, chochote kilichobaki.

"Unauchafua wa nini?" nilimwuliza siku niliyomfuata kuokota kuni zilizoanguka.

"Nimechukua kwake, mayu," akasema, yaani mama. "Namwachia na yeye kidogo."

Nilimwona ni mzee anayejifurahisha. Hata hivyo mfuto ule ulipendeza, ukiingia ngitili unaona miti yake kwa mbali, kama wageni waliovaa beji.

Mimi nina mtoto mmoja, Shija. Ni mchimbaji. Anashuka duara, yaani lile shimo la kwenda chini kabisa kutafuta mwamba wa dhahabu, na kinachozuia udongo usiwafunike ni matimba, magogo ya miti mibichi wanayopanga ukutani na kuyakaza. Timba jembamba ni kaburi. Hilo kila mama wa huku analijua, na hakuna anayelisema mezani. Kwa hiyo Mchoraji alipokuwa akilaani watu wa matimba pale barazani, mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa napenda miti yake. Nilikuwa pia nataka juu ya kichwa cha Shija pawe na mti mnene. Sikuwahi kumwambia, na nadhani alijua, kwa sababu akishalaani vya kutosha aliuliza, "Shija amerudi?" Nikisema amerudi, ananyamaza.

Masika moja udongo ulilegea, wenye maduara wakakosa matimba, wakaenda kuomba kijijini. Mkutano ulikaa. Wazee walikataa, kisha wakakubali kidogo: itolewe miti michache ya ngitili, ile iliyozeeka au iliyopinda, na kamati ipite kuiwekea alama ya rangi kwanza. Ikatwe yenye rangi tu, mingine isiguswe. Mchoraji alikuwepo. Alisimama akasema miti iliyopinda ndiyo yenye kivuli, watu wakacheka, akakaa. Hata yeye aliona ni uamuzi wenye nafuu. Kamati ikapanga kupita baada ya mnada wa ng'ombe.

Wakataji wakawahi. Walikuja asubuhi kabla ya kamati, na misumeno na tela la trekta, mlinzi wa sungusungu akawaambia mmesikia, yenye rangi tu. Wakasema tumesikia. Wakaingia, wakaikuta miti imeshawekewa rangi. Wakakata yenye rangi. Walikuwa watu waaminifu kabisa, hawakugusa hata kijiti nje ya hiyo.

Niliona tela likipita mbele ya baraza letu. Mchoraji alikuwa amekaa kwenye ndoo yake anachora bango la duka la dawa. Magogo yalikuwa yamelazwa na magome yake, na kwenye gome la moja palikuwa na njano, la jingine bluu, yakapita taratibu kwa sababu barabara ilikuwa tope. Aliinua kichwa akatazama. Tela lilipomaliza kupita akainama akaendelea na herufi aliyokuwa anaiandika, akaimaliza vizuri, haikupinda. Kisha akaiweka brashi chini bila kuiosha.

Mkutano ulikaa tena, na watu walikuwa na hasira, safari hii hata waliomcheka. Kiongozi wa wakataji akasimama. "Sisi tuliambiwa yenye rangi. Tumekata yenye rangi. Kama kuna mmoja hauna, nionyesheni." Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Mwenyekiti akauliza ile rangi ni ya nani. Kila mtu alijua, lakini walisubiri, na Mchoraji akanyoosha mkono.

"Ni yangu."

"Ulitumwa na nani kuweka alama?"

"Haikuwa alama."

"Ilikuwa nini?"

Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila jambo asiloulizwa, alipoulizwa lake alisimama pale na kofia yake mkononi. Wakaamua asiingie tena ngitili na rangi. Uamuzi wa haki, ukiutazama. Hakuna aliyemwonea, na hakuna aliyemtetea, pamoja na mimi niliyekuwa nimeambiwa maana ya ule mfuto. Ningesema nini? Anaiachia miti rangi kidogo? Wangecheka tena. Tukarudi nyumbani tukiwa tumeongozana, na mimi sikuhisi kitu. Nadhani nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilifika nikawasha taa, nikamalizia sare za kwaya.

Tangu hapo hakuchora. Nasema hakuchora, kupaka alipaka. Aliitwa kupaka nyumba za kupanga, nyeupe juu, bluu chini, akapaka. Alichukua ngazi asubuhi akarudi jioni na madoa meupe kwenye kope. Akiombwa bango, alisema macho hayaoni vizuri, na macho yake yalikuwa mazima. Chozi walikuja kwenye kamba yangu, yeye akipita na ngazi. Neno lake la tazama kwanza likapotea pia, na mimi ambaye lilikuwa limenichosha miaka yote nikaanza kulisikia kwa kutokuwepo kwake. Maji ya kuoshea brashi za chokaa aliyamwaga popote. Hakuniinulia kopo tena.

Yale matimba yaliuzwa kwenye duara la akina Shija. Nililijua siku ile ile, Shija aliniambia akinawa, kwa sauti ya kawaida, kwamba wamepata magogo ya maana sana. Baadaye mvua ikakazana, na duara la jirani yao likashuka mchana kweupe. Waliomo walitolewa wengine hai, wengine la. Lile la akina Shija lilitikisika likasimama. Shija alikuja nyumbani akiwa mwekundu mwili mzima kwa udongo, akakaa kwenye kizingiti. Majirani walijaa, wakapiga magoti wakasali, mama mmoja akaleta uji. Nilikuwa nimemshika mwanangu bega, na nilikuwa na furaha, niseme hivyo wazi. Kisha Mchoraji akatokea mlangoni.

"Shija yupo?"

"Yupo."

"Wabeja," akasema, hilo ni asante kwa Kisukuma, sijui alimwambia nani. Akageuka akaondoka, na ile furaha ikakaa vibaya mwilini mwangu, na mpaka leo haijanyooka.

Shija na Mchoraji walikutana ana kwa ana baada ya masika kuisha. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, Shija ameniletea ovaroli iliyochanika goti niitie kiraka. Mchoraji akaingia barazani na ngazi yake begani. Walikuwa hawajazungumza tangu siku ya tela, si kwa ugomvi, walikuwa wanapishana tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kazi?"

"Kazi ipo." Shija alikuna shingo. Niliona anatafuta namna. "Babu, kuna kitu huko chini sijui kama nikwambie."

Mchoraji akaisimamisha ngazi ukutani.

"Kuna timba moja lina rangi yako. Njano. Liko mahali njia inapobana, tukishuka tunalishika. Tunaliita Njano, mtu akiwa chini anauliza umefika wapi, unasema nimefika Njano." Akasita. "Limechipua."

Cherehani yangu ilisimama. Sikuisimamisha kwa makusudi.

"Chini huko?" Mchoraji akauliza. "Hakuna jua."

"Hakuna. Lakini kuna unyevu. Limetoa vijiti na majani, madogo. Tukimulika na tochi tunayaona."

"Rangi gani?"

"Hayana rangi, babu."

"Kila kitu kina rangi."

Shija alifikiri. Mwanangu si mtu wa maneno, nilimwona anajitahidi. "Nyeupe," akasema. "Si nyeupe ya chokaa. Kama ndani ya kucha ya mtoto. Ukiyaangalia sana ni kama yana njano kwa mbali, au labda ni ile ya kwenye gome inanichanganya."

"Mtundu ule," Mchoraji akasema. "Wa langoni, niliufutia njano. Huo ulianza na majani mekundu." Akakaa kwenye ndoo yake, ile ya zamani, ambayo nilikuwa nimeigeuza nawekea vipande vya vitambaa. Alikaa juu ya vitambaa vyangu na suruali yake yenye chokaa. "Msiyakate."

"Hayatakua, babu. Huko chini yatakufa tu. Mwenye duara mwenyewe anasema tuyaparue, yanakwaruza watu."

"Sijasema yatakua. Nimesema msiyakate."

Shija alinitazama mimi, kama mtoto anayetaka kujua kama ameagizwa au la. Nilishindwa kumsaidia. Nikainama nikakata kiraka cha ovaroli yake.

"Sawa, babu," Shija akasema.

Mchoraji akainuka. Kisha akaingia chumbani kwake, nikasikia makopo yakisogezwa, akafungua moja, akalifunga, akafungua jingine. Alitoka na ubao mdogo akaushika mbali na macho, hauna kitu. Nilidhani ataanza. Hakuanza. Aliuweka umeegemea ukuta, akachukua ngazi yake akaenda kupaka nyumba ya mtu, na ubao ule upo pale pale, umeingia vumbi, mimi naufagilia pembeni.

Shija alirudi kwa ile ovaroli wiki iliyofuata, imechanika tena, safari hii begani. Nikamwuliza amefanyaje. Akaniambia pale Njano njia ni nyembamba, na siku hizi wote wanapita ubavu, mgongo unasugua mwamba, kwa sababu wamekubaliana wasiyaguse majani. Nikatia kiraka kinene, mara mbili, kwa uzi wa katani.